Sifuri Si Kimya: Hatua za Mwanafunzi wa Kilungu katika Maabara ya Mifumo Pachikwa na Viendeshi

1.0 Utangulizi

Kompyuta nyingi zilizopo duniani hazina kioo wala kibodi. Zimefichwa ndani ya vyombo vingine: mita ya umeme wa tokeni, mizani ya dukani, taa ya nguvu za jua inayolipiwa kwa simu. Kompyuta ya namna hii, iliyowekwa ndani ya chombo ili itekeleze kazi moja maalumu, ndiyo inayoitwa mfumo pachikwa. Nayo programu inayozijua siri za kifaa kimoja, ikakiwakilisha mbele ya programu nyingine kwa njia iliyo rahisi na inayotabirika, huitwa kiendeshi. Makala haya yanafuata maendeleo ya mwanafunzi katika maabara ya taaluma hizi mbili, tangu anapowasha taa ndogo kwa mara ya kwanza hadi anapoandika kiendeshi chake mwenyewe.

Mwanafunzi anayerejelewa ni wa mfano. Amebuniwa ili somo lipate pa kusimama. Anatoka Kilungu, katika milima ya Kaunti ya Makueni nchini Kenya, ambako mashamba yamekatwa matuta kwenye miteremko na mchota maji hushuka bondeni na chombo kitupu, akapanda na kilichojaa. Kazi aliyopewa maabarani kwa mwaka mzima ni moja: kutengeneza kifaa kitakachohesabu mapigo ya mpini wa pampu ya mkono na kutoa taarifa ya hesabu hiyo kwa mbali. Kazi yenyewe si ya kubuni. Imekwisha kufanyika kweli huko Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, na matokeo yake yanajulikana.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba maendeleo ya mwanafunzi katika maabara ya aina hii hayapimwi kwa wingi wa vifaa alivyofaulu kuviwasha. Hupimwa kwa uwezo wake wa kutofautisha sifuri na kimya. Sifuri ni jibu: kifaa kimeulizwa, kimepima, na kipimo ni sifuri. Kimya ni kukosekana kwa jibu. Katika karatasi ya mtihani tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo. Katika kijiji kinachotegemea pampu moja, ni tofauti kati ya fundi kuja na fundi kutokuja.

2.0 Usuli: Pampu za Kyuso

Kilungu na Kyuso ziko katika Ukambani ile ile, lakini hali zake za hewa ni mbalimbali. Milima ya Kilungu hupata mvua kuliko tambarare zinazoizunguka. Kyuso ni nchi kame. Mito yake mingi ni ya msimu, na mvua zikishapita watu hufukua mchanga wa mtoni au hutegemea visima vilivyofungwa pampu za mkono. Pampu inayopatikana sana katika Kenya vijijini ni Afridev, iliyotengenezwa katika miaka ya 1980 kutokana na kazi iliyofanyika Kenya na Malawi. Inaweza kuvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45 hivi, na ilikusudiwa kutengenezwa na wanakijiji wenyewe kwa zana chache.

Hata hivyo, pampu iliyo rahisi kutengenezwa haitengenezwi ikiwa hakuna anayejua kwamba imeharibika, au ikiwa anayejua hana vipuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwamo Patrick Thomson, Rob Hope na Tim Foster, walichapisha mwaka 2012 maelezo ya kifaa kidogo cha kutiwa ndani ya mpini wa pampu. Kifaa hicho kilikuwa na kihisi cha kupima mwendo wa mpini, kompyuta ndogo ya kuhesabu mapigo, na simu ya kutuma hesabu kwa ujumbe mfupi. Vifaa hivyo vilifungwa katika pampu za Kyuso, na mwaka 2013 huduma ya ufundi iliyoongozwa na taarifa zake ilifanyiwa majaribio. Kabla ya majaribio, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio, wastani huo ulishuka ukawa chini ya siku 3.

Ni muhimu kutoifanya takwimu hii iseme lisilokuwamo. Kifaa hakikutengeneza pampu hata moja. Walioitengeneza ni mafundi waliokuwa na vipuri na waliojua waende wapi. Mchango wa kifaa ulikuwa habari, na thamani ya habari yote ilisimama juu ya swali moja: je, ujumbe unaposema sifuri, uaminiwe?

3.0 Hatua za Mwanafunzi Maabarani

3.1 Taa ndogo: kuandika katika rejista

Zoezi la kwanza karibu katika kila maabara ya aina hii ni kuwasha na kuzima taa ndogo ya LED. Mwanafunzi hupewa bodi kama vile Arduino Uno, ambayo imejengwa juu ya maikrokontrola ya ATmega328P. Kompyuta hii ya biti 8 ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na saa yake hupiga mara milioni 16 kwa sekunde. Aliyezoea kompyuta ya mezani hushangazwa na ufinyu huo, lakini hesabu ya mapigo ya pampu haihitaji zaidi.

Somo la kwanza ni la umeme. Volti 5 zikielekezwa moja kwa moja kwenye taa, taa huungua. Iwapo taa yenyewe hutumia volti 2, zinabaki volti 3, na rezista ya omu 220 itaruhusu mkondo wa takribani miliampia 14, kiasi kinachoifaa taa. Somo la pili ni la rejista. Pini za maikrokontrola hutawaliwa na visanduku vya kumbukumbu vyenye biti nane nane. Biti moja ikiwekwa 1 katika rejista ya kwanza, pini huwa ya kutoa umeme. Ikiwekwa 1 katika rejista ya pili, umeme hutoka na taa huwaka.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau rejista ya kwanza. Programu hukubaliwa bila lalamiko, huingizwa katika bodi, na taa haiwaki ipasavyo. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Hapo ndipo mwanafunzi hukutana na kimya kwa mara ya kwanza, na hujifunza kwamba mashine ya namna hii hailalamiki. Kutolalamika kwake si ushahidi kwamba mambo ni shwari.

3.2 Swichi: kusikia kupita kiasi

Hatua ya pili ni kuingiza habari badala ya kuitoa. Swichi hufungwa kwenye pini ili kila pigo la mpini liihesabie programu moja. Tatizo la kwanza ni pini iliyoachwa bila kuunganishwa na chochote swichi inapokuwa wazi. Pini hiyo husomeka 0 au 1 kwa bahati, na hata mkono ukisogezwa karibu nayo huweza kuibadili. Dawa yake ni rezista inayoivuta pini kwenye volti 5 daima, ili swichi ikiwa wazi jibu liwe 1 na ikifungwa liwe 0. Ifahamike kwamba rezista hiyo haileti habari mpya. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hali ya kutokuwapo kwa pigo ina jibu lake maalumu, isiachwe kuwa bahati nasibu.

Tatizo la pili ni kudunda kwa swichi. Vipande viwili vya chuma vinapogongana havitulii mara moja. Hudunda kwa milisekunde kadhaa, vikigusana na kuachana. Jicho haliwezi kuona, lakini maikrokontrola inayofanya mamilioni ya hatua kwa sekunde huona kila mguso. Pigo moja likihesabiwa mara tatu, na ikichukuliwa kwamba kila pigo hutoa maji ya ujazo ule ule, mtungi wa lita 20 utaandikwa kuwa lita 60.

Utatuzi wake hupatikana kwa kukijua chombo. Mtu anayepiga pampu kwa kasi ya mapigo 40 kwa dakika hutumia milisekunde 1,500 kwa kila pigo. Kwa hiyo programu inaweza kupuuza mabadiliko yote yanayotokea ndani ya milisekunde 50 baada ya mguso wa kwanza, bila kupoteza hata pigo moja la kweli. Namba 50 haikutoka kitabuni. Imetokana na swichi kwa upande mmoja na mkono wa mchota maji kwa upande mwingine. Mwanafunzi wa Kilungu, ambaye amewahi kuchota, ana faida hapa juu ya mwenzake aliyeisoma pampu katika picha.

3.3 Katizo na usingizi

Programu ya kwanza ya kuhesabu huiuliza swichi swali lile lile bila kukoma: umefungwa? umefungwa? Mbinu hii inafaa mezani, ambako umeme hautoki kwenye betri. Kyuso haifai. Betri ya miliampia-saa 2,400 ikilisha saketi inayotumia miliampia 15 bila kupumzika, itamaliza nguvu zake kwa saa 160, yaani chini ya siku saba. Kama saketi hiyo italala na kuamka inapohitajika tu, wastani wa matumizi ukashuka hadi miliampia 0.1, betri ile ile kwa hesabu itafika saa 24,000, ambazo ni siku 1,000. Kwa uhalisia siku zitapungua, kwa kuwa betri hujipunguza yenyewe na simu hula umeme mwingi inapotuma ujumbe. Hata hivyo, tofauti kati ya wiki na miaka inabaki.

Kinachoiwezesha kompyuta kulala ni katizo. Swichi ikiguswa, umeme hubadilika kwenye pini, kazi iliyokuwa ikiendelea husimamishwa, kipande kifupi cha programu hutekelezwa, kisha kazi ya awali huendelea pale ilipoachwa. Mwanafunzi hufundishwa kanuni mbili. Kwanza, kipande hicho kiwe kifupi: kiongeze hesabu, kiondoke. Pili, data inayoguswa na pande zote mbili ilindwe.

Kanuni ya pili huonekana kama ushirikina mpaka ionyeshwe kwa namba. Hesabu yenye biti 16 katika kompyuta ya biti 8 husomwa kwa vipande viwili. Tuseme hesabu ni 255: kipande cha chini ni 255 na cha juu ni 0. Programu kuu inasoma kipande cha chini, inapata 255. Kabla haijasoma cha juu, katizo linatokea na hesabu inakuwa 256, yaani kipande cha chini 0 na cha juu 1. Programu kuu inarejea, inasoma kipande cha juu, inapata 1. Ikiunganisha vipande vyake viwili, inapata 511. Hesabu haikuwahi kuwa 511. Dawa ni kuzuia makatizo kwa muda mfupi sana wakati hesabu inanakiliwa, kisha kuyaruhusu tena.

Kosa hili hujitokeza mara moja kwa maelfu ya usomaji, na likitokea haliachi alama. Ni la hatari kuliko taa isiyowaka, kwa sababu kimya cha taa humfanya mtu atafute, ilhali namba yenye sura nzuri humfanya aridhike.

3.4 Kihisi: kuuliza na kujibiwa

Swichi ina mapungufu: huchakaa, na mpini wa pampu hauna nafasi nzuri ya kuifunga. Ndiyo maana kifaa cha Kyuso kilitumia kipimamchapuko, kihisi kinachotambua mwinamo na mwendo wa mpini bila kugusana na kitu. Maabarani mwanafunzi hupewa kihisi kama ADXL345, kinachozungumza na kompyuta kwa waya mbili, mmoja wa data na mwingine wa saa, kwa utaratibu uitwao I2C.

Mazungumzo haya yana adabu yake. Kompyuta hutaja anwani ya kifaa inachokiita. Baada ya biti nane, katika pigo la tisa la saa, kifaa kilichoitwa hushusha waya wa data chini kama mtu anayeitika "naam". Kisipokuwapo, waya hubaki juu. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huitazama itiko hiyo kabla ya kuendelea. Programu ya mzembe huendelea kusoma waya ambao hakuna anayeuzungumzia, ikapata biti nane zote zikiwa 1, yaani 255. Au hurudisha kumbukumbu iliyosafishwa mwanzoni na isiyojazwa kitu, ikapata sifuri.

Kwa sababu hiyo zoezi la kwanza na kihisi si kupima bali ni kuuliza jina. ADXL345 ina rejista ambayo daima hujibu 229. Jibu lingine lolote lina maana kwamba waya umeachia, anwani si sahihi, au kifaa kilichopo si kile kilichokusudiwa. Likifuata zoezi la kupima, mwanafunzi hupata mtego wa pili. Kihisi hiki kikiwashwa huanza katika hali ya kungoja. Huitika na hutaja jina lake barabara, lakini hakipimi kitu mpaka biti maalumu katika rejista ya umeme iwekwe 1. Mwanafunzi asiyelijua hilo huona kifaa kinachojibu kila swali na ambacho vipimo vyake havibadiliki hata mpini ukitikiswa.

Hapa fizikia humpa kipimo cha ukweli. Kipimamchapuko kilichotulia hakisomi sifuri katika pande zake zote tatu, maana dunia hukivuta wakati wote. Kikiwa kimelala mezani, upande wa wima husoma takribani g 1, mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Katika ADXL345 iliyowekwa kwenye mpango wake wa kawaida hiyo ni namba iliyo karibu na 256. Mpini ulioinama huigawa namba hiyo kati ya pande mbalimbali, lakini hauifuti. Kwa hiyo sifuri tatu kwa pamoja, katika kitu ambacho hakiko katika kuanguka huru, si habari kwamba mpini umetulia. Ni habari kwamba hakuna aliyepima. Mwanafunzi anayeliona hili bila kuambiwa amevuka daraja kubwa kuliko yote katika mwaka wake.

3.5 Kiendeshi: kusema kweli kwa niaba ya kifaa

Hatua ya tano humtoa mwanafunzi katika maikrokontrola na kumpeleka kwenye bodi kubwa zaidi, kama Raspberry Pi, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na inayotumia mfumo wa Linux. Hapa programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa vifaa. Sehemu mbili zimetengwa: kerneli, yenye mamlaka juu ya mashine yote, na eneo la watumiaji, ambako programu za kila siku hukaa. Kiendeshi hukaa ndani ya kerneli na kusimama mpakani.

Msingi wa kazi yake ulirithiwa na Linux kutoka Unix: kifaa huonyeshwa kama faili. Programu hukifungua, hukisoma, hukifunga, pasipo kujua kama nyuma ya faili kuna ADXL345 au kihisi cha kampuni nyingine. Wakamba wa Makueni huyaita maji kiw'u, na wa Kitui huyaita manzi. Msafiri mwenye mkalimani huomba maji kwa neno moja popote aendapo, na tofauti za mitaa humwachia mkalimani. Hivyo ndivyo kiendeshi kinavyoifanyia programu.

Mkalimani mbaya, hata hivyo, si yule tu asiyejua lugha. Ni yule pia ambaye asipopata jibu hutunga moja. Sehemu ngumu ya uandishi wa kiendeshi kwa mwanafunzi wa hatua hii haiwi kusoma kihisi, jambo alilokwisha kulimudu. Ni kuamua la kusema pale kihisi kisipojibu. Linux imeweka desturi. Kiendeshi kinapoanza huuliza jina la kifaa. Jina lisipolingana, hukataa kuanza na kurudisha namba hasi yenye maana kwamba kifaa hicho hakipo. Usomaji ukishindikana njiani, hurudisha namba hasi nyingine yenye maana kwamba mawasiliano yameharibika. Usomaji ukifaulu, hurudisha idadi ya baiti zilizosomwa. Na akirudisha sifuri kama idadi, mwandishi wa kiendeshi ajue anachosema: kwa desturi hiyo sifuri ina maana kwamba faili imefika mwisho.

Kwa hiyo "nimesoma, na kipimo ni sifuri", "nimefika mwisho" na "sikuweza kusoma" ni kauli tatu zenye njia tatu tofauti. Mwanafunzi anayezichanganya anaharibu kazi ya kila atakayeitumia programu yake.

Yapo mengine ya kujifunza katika hatua hii. Kosa ndani ya kerneli huweza kuiangusha mashine nzima. Kipande cha katizo hakiruhusiwi kulala. Kumbukumbu ya mtumiaji haiguswi moja kwa moja, bali hunakiliwa kwa njia rasmi inayochunguza uhalali wake. Kilichochukuliwa wakati wa kuanza hurudishwa wakati wa kuondoka, kwa mpangilio uliogeuzwa. Linux tayari ina kiendeshi cha ADXL345, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Inafaa mwanafunzi aandike chake kwanza, kisha akilinganishe na hicho. Atagundua kwamba sehemu kubwa ya tofauti iko katika mistari inayoshughulikia kushindwa.

3.6 Uwandani: kimya cha pampu

Hatua ya mwisho ni kukitoa kifaa mezani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na pampu ya kijijini huthibitisha usemi huo kwa njia zaidi ya moja.

Chukulia kwamba taarifa za pampu moja zimekoma kuonyesha mapigo. Huenda pampu imeharibika. Huenda mvua imenyesha, na watu wanachota maji ya mvua au ya mtoni yaliyo karibu. Utafiti uliofuata ule wa Kyuso ulionyesha kwamba matumizi ya pampu hupungua mvua zinaponyesha. Katika hali hizi mbili kifaa ni kizima na sifuri yake ni ya kweli, ingawa ya kwanza inamtaka fundi na ya pili haimtaki. Kwa upande mwingine, huenda betri imekwisha, mtandao wa simu haupatikani, au kihisi kimeachia. Hapo hakuna sifuri. Kuna kimya, na pampu yaweza kuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Kifaa hakiwezi kuzitenganisha hali zote hizi chenyewe, lakini kinaweza kutozichanganya. Kikitumwa ujumbe kila siku hata kama hakuna pigo lililohesabiwa, ujumbe huo husema: nipo, nimepima, mapigo ni sifuri. Ukikosekana, mpokeaji anajua kwamba tatizo la kwanza kutafutwa ni kifaa. Ukiambatana na hali ya betri, kimya cha kesho hutabirika leo. Ukilinganishwa na mvua na pampu jirani, sifuri hupata maelezo. Na pale ambapo hesabu haitoshi, simu moja kwa mtunzaji wa pampu humaliza shaka.

Kinyume chake hudhuru kwa namna mbili. Kimya kikiandikwa sifuri, fundi atasafiri hadi kwenye pampu nzima, na akirudi mara ya tatu bila kazi hataamini ujumbe wa nne. Sifuri ya kweli ikichukuliwa kuwa hitilafu ya kifaa, hakuna atakayekwenda, na kijiji kitarudi kwenye zile siku 27.

4.0 Suala la Istilahi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, safari hii ina upande wa pili. Maneno mengi yaliyotumika hapa yamekwisha kuundwa kwa kanuni za lugha yenyewe. Kihisi kimetokana na hisi, katizo na katiza, mfumo pachikwa na pachika, kipimamchapuko na pima pamoja na mchapuko. Mengine yamekopwa na kutoholewa, kama rejista, kerneli na maikrokontrola. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na tangu hapo haijawezekana kudai kwamba lugha haiwezi kukaa katika kompyuta. Lakini maneno ya kioo ni tofauti na maneno ya benchi la maabara, na haya ya pili bado husikika kwa Kiingereza hata katika mazungumzo ya Kiswahili.

Neno kiendeshi lastahili kuangaliwa. Kiambishi ki- hukiweka katika ngeli ya vyombo, pamoja na kisu na kijiko, mbali na dereva aliye mtu. Uteuzi huo ni wa busara, kwa kuwa hakuna mtu anayeendesha. Hata hivyo, mzizi wa endesha bado hudokeza amri inayokwenda upande mmoja, kutoka kwa kompyuta kwenda kwa kifaa. Kama ilivyoonekana, nusu ya kazi, na iliyo ngumu zaidi, ni habari inayorudi. Mwalimu anayetumia neno hili hana budi kulieleza kwa pande zote mbili.

La muhimu zaidi ni lugha ya ujumbe wenyewe. Ujumbe unaosomwa na fundi kwenye simu ndiyo sehemu ya mwisho ya mfumo. "0" peke yake haimwambii kitu. "Mapigo 0, kifaa kizima, betri nzuri" na "Kifaa hakijajibu tangu jana" ni sentensi mbili fupi zinazompeleka kwenye kazi mbili tofauti, na za pili yaweza kuhitaji kisanduku tofauti cha zana. Kiswahili kina maneno sifuri, kimya na sijui, na mlezi yeyote wa mtoto anajua kwamba hayalingani. Mwanafunzi anayeyatumia ipasavyo katika ujumbe ameyaelewa pia katika msimbo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hatua sita za maabara, kutoka taa hadi uwandani, zina uzi mmoja. Katika taa mwanafunzi alijifunza kwamba mashine hailalamiki. Katika swichi, kwamba hali ya kutokuwapo lazima ipewe jibu lake. Katika katizo, kwamba namba yenye sura nzuri yaweza kuwa ya uongo. Katika kihisi, kwamba sifuri tatu si utulivu. Katika kiendeshi, kwamba kushindwa kuna njia yake ya kusemwa. Uwandani, kwamba njia hiyo ikizibwa, anayelipa ni mchota maji.

Inapendekezwa kwamba maabara za vyuo vya Afrika Mashariki zitoe alama si kwa kifaa kinachofanya kazi tu, bali pia kwa namna kinavyoshindwa: mwalimu achomoe waya mmoja mbele ya mwanafunzi na kutazama kile ambacho kioo kitaandika. Kikiandika sifuri, kazi irudiwe. Kikiandika kwamba kihisi hakijibu, mwanafunzi yuko tayari kukipeleka kifaa chake penye kisima.

Maswali ya kujadili

1. Mtunzaji wa pampu asema maji yanatoka vizuri, na taarifa za wiki nzima zinaonyesha mapigo 0 kila siku. Taja sababu mbili zinazowezekana, na eleza jaribio la kutofautisha moja na nyingine.

2. Katika mfano wa 255 na 511, programu kuu ingepata namba gani kama ingesoma kipande cha juu kwanza na katizo likatokea katikati? Je, kosa hilo lingekuwa rahisi zaidi kugunduliwa?

3. Andika kwa Kiswahili ujumbe tatu, kila mmoja usiozidi maneno kumi, ambazo kifaa kitamtumia fundi: pampu isiyotumika, kihisi kisichojibu, na betri inayokaribia kwisha.